Hamira Haijui Sabato

Mgeni wa Sabato siku hizi amekuwa ghali. Zamani huku kwetu, kwenye njia ya kutoka Keroka kwenda Rigoma, ukimkaribisha mtu nyumbani baada ya ibada alijua kabisa anakwenda kukuta nini: matoke, maharagwe, ugali wa wimbi, na saga iliyochemshwa tangu juzi ikitiwa maziwa kidogo kidogo mpaka uchungu ukaisha. Kabla hajaaga aliletewa chai na viazi vitamu, au nduma, au ndizi mbivu sahani nzima. Alikula, akaomba, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza kwenye mkutano wa Dorkasi, kile chama cha akina mama wa kanisa letu, kwamba kwa fulani mlipewa nini.

Siku hizi wanaulizana. Ilianza na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Nikanyamaza. Zikaja chapati, nikanyamaza tena maana chapati nazipenda. Ikafuata keki ya sufuria, ile ya kuwekewa makaa chini na juu. Halafu nyumba moja ng'ambo ya mto, ambayo siitaji kwa sababu mwenye boma ni rafiki yangu na yeye mwenyewe ni mhanga, ikawaandalia akina mama donati. Si maandazi. Donati za hamira: za mviringo, laini, zina tundu katikati na zimenyunyiziwa sukari. Mke wangu alirudi kutoka huko hasemi kitu. Nimekaa naye muda wa kutosha kujua kwamba kimya cha namna ile lazima kifike mfukoni mwangu.

"Baba watoto," akasema siku moja tukila, "Sabato ya mwisho wa mwezi Dorkasi wanakuja kwetu."

Nikapendekeza maandazi ya stendi. Pale Keroka kuna mama anayekaanga tangu alfajiri, andazi moja shilingi kumi, limetuna, ukilipasua lina pango ndani ambamo maharagwe yanaingia bila kusukumwa. Kama mgeni ana meno, ziko hafukeki. Kama ana meno na ametoka kulima, ziko zile kubwa za kahawia zinazoitwa KDF, ambazo ukila moja asubuhi utakumbuka chakula tena jioni. Na mama huyo anafanya biashara katika mji ambao Kaunti ya Kisii na Kaunti ya Nyamira zimeugombania miaka nenda miaka rudi, kwa kuwa mpaka unapita humo humo sokoni na kila moja inataka ushuru wake. Mtu anayevumilia serikali mbili na bado akauza andazi kwa shilingi kumi anastahili kuungwa mkono. Nilieleza hayo yote vizuri, kwa sauti ya upole. Mke wangu akaniuliza kama nimemaliza, halafu akanipa orodha ya vitu vya kununua.

Hiyo orodha ndiyo inayoniuma kuliko yote. Sisi wa Kisii na Nyamira Mungu ametupa vya kusindikizia chai mpaka vinaoza. Ukipita Nyakoe, kwenye barabara ya Kisumu, ndizi zimepangwa kando ya lami mpaka unaona huruma. Chai yenyewe iko hapa nyuma ya nyumba. Kila Oktoba tunailinganisha bonasi yake na ya wenzetu wa Mlima Kenya, kisha kwa wiki nzima hatutaki kuongea na mtu. Lakini donati haitaki chetu. Inataka ngano, na ngano nyingi inayoliwa Kenya hutoka nje, huko Urusi, Ukraine na Argentina, maana ya jirani zetu wa Narok haitoshi nchi nzima. Inataka mafuta, na haya tunayopimiwa dukani ni ya mawese ya Malaysia na Indonesia. Pakiti ya hamira niliigeuza nikasoma nyuma: Uturuki.

Vita vilipoanza Ukraine, Februari 2022, nililiona andazi la Keroka likikonda kwa macho yangu, bei ile ile. Na mwaka 2024 serikali ilipotaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25, kelele zikapigwa nchi nzima, mapendekezo hayo yakaondolewa Juni mwaka huo huo, hata kabla Mswada wa Fedha wote haujatupwa. Nilishangilia kama mtu mwingine yeyote. Laiti ningejua kwamba nilikuwa naokoa donati.

Tena kuna hili. Wasabato wa msimamo hawanywi chai, kwa ajili ya kafeini. Wanakunywa soya. Kwa hiyo mimi, mchuma majani chai, namnunulia mgeni soya ya pakiti ili ateremshie ngano ya Urusi iliyokaangwa kwa mafuta ya Malaysia. Chetu hapo ni maziwa, yai na kuni.

Kwa asiyejua desturi zetu: Sabato huingia Ijumaa jua linapotua, na likishatua hakuna kupika mpaka jua la Jumamosi nalo litue. Ijumaa ndiyo siku ya maandalio. Ndivyo tulivyofundishwa tangu wamishonari Waadventista, waliofika Gendia mwaka 1906, walipopanda milima wakafika Nyanchwa, na ni utaratibu mzuri sana kwa chakula kinachotii. Maharagwe yanatii. Matoke yanatii. Hamira ina uhai na ina kichwa chake. Huwezi kuiambia kwamba jua linatua saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi.

Basi Ijumaa ile binti yangu akasimama katikati ya jiko na simu mkononi, anasoma: vikombe vinne vya unga, glasi ya maziwa ya uvuguvugu, pakiti moja ya hamira, sukari kiasi, yai, siagi, chumvi kidogo. Kila kitu mara mbili, kwa sababu Dorkasi ni wengi. Hapo hapo shemeji yangu wa Mombasa akapiga simu. Ameolewa Kisauni, na tangu aolewe huko hakuna kitu cha unga ambacho hana maoni juu yake. Tusisahau iliki, akasema. Na tui la nazi ni bora kuliko maziwa. Nazi, huku Rigoma! Nazi inayofika kwetu imesafiri kwa basi usiku kucha na inauzwa kwa bei ya kuku mdogo. Kisha akasema beseni tuliweke tu juani, saa moja halijaisha litakuwa limeumuka.

Jua gani?

Simu ya binti yangu nayo ikasema unga uachwe uumuke kwenye joto la chumba. Nikauliza: chumba kipi? Aliyeandika hivyo yumo ndani ya nyumba yenye mashine ya kupasha joto, au yuko Kisauni amevaa fulana. Chumba changu mimi, Julai, saa nne asubuhi, watu wamo ndani na makoti. Kisii mjini peke yake ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu zaidi, huku ambako maji yanachemka kabla hata hayajafika nyuzi 95. Binti yangu, ambaye amesoma sayansi kwa karo yangu, akaniambia milimani unga huumuka upesi kuliko pwani kwa kuwa hewa huku ni nyepesi na haiukandamizi. Ni kweli, nimesikia pia kwa mwalimu wa kemia. Lakini ukweli huo unataka kwanza hamira iwe imeamka. Kwenye baridi inalala, na ikilala hewa nyepesi haiisaidii kitu.

Maziwa yakapashwa moto. Hapa ndipo kulipotokea mjadala ambao bado unaendelea katika nyumba hii. Maziwa ya baridi hayaiamshi hamira, na maziwa ya moto sana yanaiua kabisa. Ikifika kama nyuzi 60 hivi, imekwisha. Kipimo, ikasema simu, ni kidole: ukichovya, usikie uvuguvugu. Kidole kilichotumika ni changu, kwa sababu nilikuwa karibu. Sasa kidole hiki kimeshika jembe, kimechuma chai tangu nikiwa darasa la tatu, na sufuria ya ugali kinaiepua bila kitambaa. Kilisema maziwa ni uvuguvugu. Mke wangu akachovya chake akapiga kelele. Mimi nasimamia ushahidi wa kidole changu mpaka leo. Tulimwaga maziwa yale kwenye kikombe kingine, tukangoja, tukatia sukari na hamira, tukasimama watatu tumeinamia kikombe tukikikodolea macho. Kwa muda mrefu kulikuwa na tope la kahawia tu. Halafu povu dogo likatokea pembeni, likapasuka, likatokea jingine. Binti yangu akapiga makofi. Nikamwambia asiipigie makofi, bado haijafanya kazi.

Unga ukakandwa, ukawekwa kwenye beseni, beseni likafunikwa leso, juu ya leso blanketi la mtoto, vyote vikawekwa karibu na mafiga. Nikapewa kazi ya kukaa nalo. Karibu sana na moto linaiva upande mmoja. Mbali kidogo tu, linapoa. Nikawa nalizungusha. Jirani mmoja akaingia kuomba chumvi, akaona nimelikumbatia blanketi kando ya moto, akauliza kwa huruma ni mjukuu yupi anaumwa. Nilipomweleza aliondoka bila chumvi, na nadhani alikuwa na haraka ya kwenda kusimulia.

Mama yangu alifuata. Magokoro, ndivyo wajukuu wanavyomwita na sisi sote tumefuata, ana umri ambao hakuna anayebishana naye. Alifunua blanketi, akainamisha uso, akavuta pumzi.

"Hii ni amarwa," akasema.

Nikamwambia si pombe, Mama, ni donati. Akasema yeye amepika amarwa ya wimbi kabla hajabatizwa, bila pakiti ya mtu yeyote, kwa kimea alichokianika mwenyewe, na harufu hii haiwezi kumdanganya. Binti yangu akaingilia kueleza, na ningependa asingeingilia. Akamwambia bibi yake kwamba kweli hamira inakula sukari na kutoa gesi, na pamoja na gesi inatoa pombe kidogo, lakini isiwe shida, kwa kuwa sehemu kubwa ya pombe hiyo hupanda na mvuke wakati wa kukaanga.

"Na ile pombe inayopanda na mvuke," Magokoro akauliza, "mnaiitaje huko shuleni? Sisi tuliiita chang'aa."

Hakuna aliyejibu.

Saa nane ikafika na mvua yake. Mvua ya kwetu haihitaji utabiri: upepo unapanda kutoka Ziwa Victoria, unakutana na ule unaotoka mashariki juu ya milima hii, na mchana ukielekea jioni vinamwagika vyote, mara nyingi na mawe ndani. Jirani zetu wa Kericho na Nandi wanajulikana duniani kote kwa mvua ya mawe, na sisi hatuko nyuma sana. Waulize wenye chai. Mawe yakapiga mabati kwa kishindo, jiko likajaa moshi, joto lote nililokuwa nimelikusanya kwa mizunguko yangu likatoka mlangoni. Kuni za mkaratusi zilizokuwa nje zikalowa. Nikachungulia chini ya leso. Unga ulikuwa pale pale, mtulivu, umejilaza.

Ulipoanza kupanda ilikuwa saa kumi imeshapita. Nasema ukweli, ukishapanda unapendeza. Unauona umejaa, ngozi yake imelainika, ukiubonyeza kwa kidole kishimo kinabaki kidogo halafu kinarudi polepole, bila haraka yoyote, na sisi ndio wenye haraka. Ukasukumwa, ukakatwa kwa glasi. Katikati ukatobolewa kwa kifuniko cha chupa ya soda.

Kuhusu hilo tundu, nilitaka kujua. Watu tumenunua unga kwa pesa, mbona tunautoboa? Binti yangu akatafuta kwenye simu akasema ni baharia wa Marekani, Hanson Gregory, aliyedai kwamba ndiye aliyelibuni, mwaka 1847, akiwa melini, kwa sababu keki walizokuwa wakikaanga zilikuwa zinaiva pembeni na kubaki mbichi katikati. Sababu yenyewe ina maana, siwezi kuikataa. Lakini yeye alikuwa baharini. Watoto wangu waliokuwa wamezunguka meza wakaanza kula vile viduara vya katikati vikiwa vibichi, na kila nikihesabu vinapungua.

Halafu nikaambiwa ziumuke tena.

Mara ya pili! Zimekwisha umuka, zimekwisha katwa, zimelala kwenye sinia zimeiva kwa macho, na zinataka nusu saa nyingine. Nilitoka nje kutazama ng'ombe ili nisiseme neno ambalo ningelijutia kanisani.

Kukaanga kwenyewe ningeweza kukuandikia safu nyingine. Simu inasema mafuta yawe nyuzi 180. Moto wa kuni unajua hali mbili tu, kuzimika na kuwaka, na mkaratusi mbichi unaruka kutoka moja hadi nyingine bila taarifa. Mke wangu aliweka karai, akatupa kipande kidogo cha unga ndani: kikazama, kikakaa chini kikiwaza, kisha kikaibuka kimezungukwa na mapovu. Hapo akasema yako tayari. Donati ya kwanza ilikuwa nyeusi nje na unga mtupu ndani, ikaenda kwa mbwa, naye aliibeba mpaka nyuma ya ghala akaizika. Za pili zilikuwa afadhali. Za tatu zilitoka zile zenyewe hasa, za rangi ya asali na mshipi mweupe kiunoni, na nikaona uso wa mke wangu ukilegea kwa mara ya kwanza siku ile.

Magokoro alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anaangalia upande wa Manga ambako jua hutua. Jua halikuonekana; kulikuwa na mawingu tu. Binti yangu akasema simu inaonyesha bado karibu nusu saa. Magokoro akanyoosha mkono kwenye banda.

"Kuku wamelala."

Kuku walikuwa wamelala kwa sababu ya mvua, na kila mtu jikoni alijua hivyo. Lakini kati ya kuku wa Magokoro na simu iliyonunuliwa kwa mkopo, nyumba hii ina msimamo wake. Karai likaepuliwa. Sabato ikaingia mapema kwetu kuliko kwa jirani, na nusu ya unga ikabaki ndani ya beseni, kando ya makaa, imefunikwa blanketi lake.

Kumbuka siku nzima nimeubembeleza unga ule. Usiku, watu wamelala, jiko limefungwa na joto la makaa limetulia, ndipo ulipoamua. Alfajiri tulikuta leso iko juu kabisa, blanketi limeanguka, na unga umetoka kwenye beseni umeshuka mezani na kuanza safari ya kuelekea mlangoni. Viumbe vyote katika boma hili vilikuwa vimepumzika, hata punda wa jirani, isipokuwa hamira. Mke wangu akataka kuukandamiza urudi ndani. Magokoro akasema kukanda ni kazi. Tukajadili kama kusukuma kwa kiganja bila nia ya kukanda ni kukanda, na wakati tunajadili ukaendelea kushuka.

Na harufu! Sitaki kuwa upande wa Magokoro, lakini jiko lilinuka kilabu cha Ijumaa usiku. Mzee wa kanisa, ambaye hutupitia asubuhi twende pamoja, alifika mlangoni akasimama. Pua yake ikafanya kazi kidogo. Akaniangalia mimi. Hakumwangalia mtu mwingine yeyote, mimi tu, na huko njiani alichagua kuongea juu ya mwana mpotevu.

Mchana Dorkasi wakaja, wengi kuliko tulivyowatarajia na wakiwa na watoto. Donati zilizokaangwa kabla kuku hawajalala hazikutosha, ikabidi mke wangu azikate nusu nusu, na donati ikikatwa nusu haina tena tundu, ina pindo tu. Walisifu sana. Walisifu huku wakimaliza viazi vitamu, ambavyo mimi niliagiza vichemshwe Ijumaa asubuhi na kila mtu akanicheka. Matoke yakaisha, saga ikaisha, soya ikabaki robo ya chupa. Mama mmoja akamwambia mke wangu kwamba kuna nyingine, zile zisizo na tundu, zinazotiwa jemu ndani. Nikaona mke wangu anaandika kwenye simu yake.

Jua lilipotua Jumamosi, wageni wakiwa wameshaondoka, karai likarudi motoni. Kuni zilikuwa zimekauka. Ule unga uliolala usiku kucha ukifanya kazi ulikuwa umechachuka kidogo, na sijui niseme nini, ulitoa donati ambazo hata shemeji wa Kisauni angenyamaza: nyepesi, zimetuna, zinarudi zenyewe ukizibonyeza. Hapakuwa na Dorkasi hata mmoja wa kuziona. Zililiwa na sisi, na kijana wa bodaboda aliyemleta binti wa jirani akakaa kwetu muda mrefu kuliko nauli yake ilivyostahili.

Magokoro akapelekewa yake kwenye kisahani. Aliishika kwa vidole viwili, akainusa, akainua mpaka kwenye taa akachungulia kwenye tundu, akanitazama kupitia humo humo.

"Nani amekula katikati?"

Nikamwambia ni Mmarekani mmoja, Mama. Wa 1847.